Mashine Iliyovaa Nguo za Mwenzake

Riyadh, 14 Oktoba 2024

Bibi Kijakazi,

Nakushika miguu kutoka huku, nikiomba joto la Jidda liwe limeanza kupungua na goti lako liwe limekubali ngazi. Mimi mzima. Chumba changu cha Al-Naseem hakina jipya, ila jirani amenunua kasuku anayeiga mlio wa simu, na kila akilia mimi huruka nikidhani ni ofisini. Visheti vililetwa na yule dereva wa basi, salama. Bati lake nitalirudisha. Mwambie Amal kwamba dada akipata kazi ya kufundisha watoto wadogo si ruhusa ya kumsahau kaka yake.

Sasa jambo lenyewe. Umetufundisha kwamba simu ni ya salamu na barua ni ya jambo. Hili nisingeliweza kwenye simu, maana ungenisikia sauti tu ukaanza kuniombea dua kabla sijamaliza.

Ofisi yetu ya Sulimaniyah unaijua kazi yake: tunawaandikia watu karatasi zao, ikama, likizo, maombi ya tiketi. Kompyuta zetu ni kongwe, na toleo jipya la Windows halikubali kuingia humo. Bosi Mazin hataki kuzitupa. Amesikia kuna mfumo mwingine uitwao Linux, unaokubali hata mashine zilizochoka. Mfumo, Bibi, ndio unaokuonyesha picha za kubonyeza, ndio unaokufungulia karatasi yako na kukufungia. Ukiubadilisha ni kama kuhama nyumba: vyombo ni vyako, lakini mkono hauijui swichi ya taa iko ukuta gani.

Aliniita akiwa na kikombe chake cha kahawa. "Wewe umesoma, ya Murad. Uweke huo mfumo, wafundishe wenzako kabla ya Ramadhani. Wakishindwa nitaleta kampuni ya nje ifanye kila kitu, halas, mambo yamekwisha." Kampuni ya nje ikija, karani wa kompyuta atabaki wa nini? Na ikama yangu, ruhusa yangu ya kukaa nchi hii, iko kwa jina lake, inaisha mwezi wa Shawwal.

Wa kufundishwa ni watatu. Hala, anayeshika hesabu. Victor, Mkenya wetu anayepeleka karatasi kwenye madirisha ya serikali, ambaye kila kitu kwake ni kichekesho. Na Mzee Idi. Huyo ndiye anayeninyima usingizi. Ndiye aliyenishika mkono akaniingiza ofisini, na ameandika kwa njia ileile tangu sijazaliwa. Nisimame mbele yake nimwambie, "Mzee, sahau unayoyajua"? Skuli nilikuwa wa kwanza kwa kuandika na wa mwisho kwa kusema. Nikisimamishwa mbele ya watu naona midomo yao tu.

Nimeiandika barua hii mara mbili ili isionekane ya mtu mwenye khofu. Naona haijasaidia.

Mjukuu wako,
Murad

---

Jidda, 3 Novemba 2024

Murad,

Marahaba, na Mungu akuweke. Goti langu ni lilelile, ngazi ni zilezile, ila mie ndo nimejifunza kushuka kinyumenyume kama kaa. Wapangaji wa chini wananicheka. Mtaa wetu wa Kandara umejaa wageni tena, kila chumba kina masanduku mpaka mlangoni, na mwenye duka la mikate anaoka mara mbili kwa siku. Amal mzima. Anasema hajakusahau, anakukasirikia, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Barua yako nimeisoma. Idi unayemuogopa nilimbeba mgongoni. Mama yake alikuwa akinipa nimchukue ili apate kufua, na alikuwa mzito, na alikuwa akining'ata bega. Basi ukimuona amekaa kwenye kiti chake na miwani yake, mkumbuke hivo.

Kuhusu hiyo mashine, sielewi. Umesema ni kama kuhama nyumba. Mie nimehama mara moja tu katika umri wangu, kwa chombo cha baharini, mwaka wa sitini na nne, na sikuhama kwa kutaka. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Hapo nasimama.

Nina shauri. Niletee moja mimi. Kama unaona tabu kufundisha watu, anza na mtu ambaye hawezi kukufukuza kazi. Mie sijawahi kugusa kompyuta ila kuifuta vumbi ile ya Amal kabla haijafa. Vidole ninavyo, macho ninayo, na mchana mzima ninao tangu Amal aanze kazi. Utaniandikia la kufanya, nami nitakwambia nimekwama wapi.

Usile mikate mikavu kila siku.

Bibi yako

---

Riyadh, 28 Novemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na samahani kwa kukawia. Huku baridi imeanza, naivaa ile sweta ya marehemu Babu hata ndani ya blanketi. Kasuku amejifunza kupiga chafya.

Utakapoipata barua hii utakuwa umeshapokea furushi. Ni kompyuta moja kati ya zile zilizowekwa stoo, bosi ameniruhusu kuichukua. Nimeifunga kwa blanketi langu la pili, kwa hiyo blanketi ni lako pia. Somo la kwanza nimeliandika kwenye karatasi ya njano: kuwasha, kufungua ukurasa wa kuandikia, kuandika jina lako, kuhifadhi, kufunga.

Na sasa nikupe habari njema, maana nimepata njia. Niliweka mfumo mpya Ijumaa, ofisi ikiwa imefungwa. Nikaanza kufikiria sura ya Mzee Idi Jumapili asubuhi, akikuta picha asizozijua, mwambaa, ule mstari wa picha za kubonyeza, umehamia juu, majina mageni. Nikaona kwamba mfumo huu unakubali kuvishwa. Basi nikauvisha. Nikaweka mandhari ileile ya zamani, mwambaa ukarudi chini, picha zilezile mahali palepale, na chini ya kila picha nikaandika jina lile walilolizoea. Nilikaa mpaka alasiri. Ukisimama mbali huwezi kutofautisha. Hata ukiwa karibu, Bibi.

Jumapili wakaingia, wakawasha, wakafanya kazi. Hala aliitazama skrini kidogo, akanitazama mimi, akaendelea na hesabu zake. Victor aliniuliza ule mfumo mpya unakuja lini, nikamwambia unakuja taratibu. Mzee Idi hakuuliza kitu. Bosi alipita nyuma ya viti vyao akiwa amefunga mikono, akaniambia, "Tamam, ya Murad." Ni mara ya kwanza kunisifu. Sikulazimika kusimama mbele ya mtu yeyote.

Mashine yako nayo nimeiwekea mfumo kwa diski ileile ya ofisini, kwa hiyo ina nguo hizohizo.

Nilipokuwa nikitafuta kamba kwenye sanduku, niliiona ile picha ya Bi Zuwena, mama yako, aliyopigwa hapo Kandara. Mkono wake wa kulia umefunikwa kanga. Nikakumbuka kwamba katika kila picha yake umefunikwa. Kwa nini? Nilipokuwa mdogo nilidhani ameshika pipi.

Murad wako

---

Jidda, 5 Januari 2025

Murad,

Salamu zako zimefika na furushi limefika. Nimekawia kukujibu kwa sababu nilikuwa skuli.

Mashine nimeiweka juu ya cherehani iliyokufa, nikaifunika kitambaa cha mezani kile cha maua. Siku ya kwanza niliisalimia tu. Siku ya pili nikafuata karatasi ya njano. Umeandika nisogeze kipanya mpaka mshale ufike kwenye picha. Nimekisogeza, nikakisogeza, nikafika ukingo wa cherehani na mshale haujafika. Nikaita jirani anisogezee meza iungane na cherehani. Tukasogeza meza. Amal aliporudi kazini alitukuta watu wawili na meza katikati ya chumba, akacheka mpaka akakaa chini. Ati kipanya kinanyanyuliwa, kinarudishwa nyuma, kinaanza tena. Hukuandika hivo, bwana msomi. Kwako wewe hilo si jambo la kuandikwa.

Halafu inauliza sana. Nikitaka kuizima inaniuliza kama nina hakika. Nani ana hakika siku hizi? Nimeiwacha ikawaka mpaka asubuhi kwa kukosa jibu.

Lakini jina langu nimeliandika. Nimeliandika mara nyingi, ukurasa mzima Kijakazi Kijakazi, kama mtu anayejiita mwenyewe. Na majina ya ndugu zetu wote tuliokuja nao nimeanza kuyaandika.

Sasa nikuulize kitu. Chini ya picha ya kuandikia pameandikwa jina moja. Nikibonyeza, ukurasa ukifunguka, juu yake pana jina jingine kabisa. Nilidhani nimekosea mlango, nikafunga, nikarudia, yaleyale. Nikajaribu picha nyingine, nayo ni hivohivo. Mlangoni nyumba ya Fulani, ndani anakupokea mtu mwingine. Mie sijui kompyuta, kwa hiyo hainiumizi. Lakini mtu aliyekuwa akienda kwa Fulani kila siku kwa miaka, akazoea kuingia gizani bila ya taa, huyo itakuwaje? Umewaambia wenzako kwamba ndani yumo mwingine? Idi umemwambia?

Nakuletea kaimati mbichi za kukaanga mwenyewe kama dereva atakubali kubeba barafu.

Bibi

---

Riyadh, 30 Januari 2025

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti halijasumbuliwa na baridi. Kaimati zilifika zimelowa lakini ladha ni yako. Jirani ameuza kasuku.

Nimefurahi kuhusu majina. Somo la pili hili hapa, la kupanua herufi ili usikaze macho. Na ni kweli sikuandika kuhusu kunyanyua kipanya, nisamehe.

Ofisini kazi zipo. Mzee Idi amepewa mapumziko, macho yamemchoka. Bosi amesema ni kwa wema tu. Mimi naendelea vizuri.

Leo sina mengi, kuna baridi na vidole havikunjiki.

Murad

---

Jidda, 9 Februari 2025

Murad,

Barua yako ni fupi kama ya mtu aliyekimbia. Tena nilikuuliza swali moja na umenijibu habari za kasuku.

Nimeshajua. Mke wa Idi ananipigia simu kila Ijumaa tangu aolewe, na Ijumaa hii alilia. Amenieleza kwamba mumewe ana njia yake ya kazi: kila mteja ana faili lake, akirudi tena Idi hubadilisha tarehe tu. Na mpita njia akija, Idi hufungua faili la mteja mwingine, huandika juu yake, huchapisha, kisha hufunga bila ya kuhifadhi, na lile la zamani hubaki salama. Miaka yote mkono wake umekuwa ukibonyeza palepale, hata hatazami. Sasa mafaili yamevurugika. Alifungua la mwanamke wa Kikenya, Priscah, anayefanya kazi kwa watu wa huko Al-Naseem kwako, akamkuta ndani yake mpita njia mmoja, Maryann. Akadhani amevuruga mwenyewe. Akarekebisha jina na tarehe, nambari ya pasipoti ikabaki ya Maryann. Tiketi ikakatwa hivohivo, na Priscah akazuiwa kusafiri pale uwanja wa ndege. Mazin akamwambia Idi mbele ya watu akapumzike.

Mke wake hakutaja mashine. Hajui. Idi hajui. Mie nimekaa mbele ya hii yangu, nikafungua ukurasa, nikaandika, nikafunga, nikatazama inaponiuliza kama nihifadhi au niwache. Kisha nikamuuliza Amal, katika zile za zamani, kitufe cha kuwacha kilikuwa upande gani. Amal akafikiri, akanionyesha kwa kidole. Si pale kilipo leo. Hapo leo pana cha kuhifadhi.

Nimefunika mashine.

Uliniuliza habari ya mkono wa mama. Nilikuwa sitaki, maana namsema marehemu baba, na baba alikuwa mtu mwema.

Tulipofika hapa mama alikuwa halali, hali, hasemi. Nyumbani alipikia kuni. Hapa, chumba chetu kilikuwa ghorofani, na kuni hapana. Baba akapata jiko la mafuta ya taa. Akaogopa mama akiliona atazidi kuvunjika moyo. Basi akatafuta mawe matatu, akalipanga jiko katikati yake, akaliziba kwa udongo mpaka ukaonekana moto tu. Akamwambia, "Zuwena, njoo, nimekujengea figa kama la kwetu." Mama akacheka. Nilimuona kwa macho yangu akicheka, mara ya kwanza tangu chomboni. Akapika siku nzima.

Alipomaliza akafanya kama anavyofanya mtu aliyemaliza kupikia kuni. Alichota maji kwa kata akayamwaga juu ya moto.

Mafuta ya taa yakipigwa na maji hayazimiki, Murad. Yalipanda pamoja na maji.

Mkono ulipona baada ya muda. Lakini kwa muda mrefu mama hakukaribia jiko, na alikuwa akisema moto wa nchi hii haumtaki. Hakusema baba amemficha. Alisema moto haumtaki. Na baba alikuwa akisikia, akiinama kufunga viatu vyake.

Mke wa Idi anasema mumewe amempa mtoto wake funguo za gari, haendeshi tena. Anasema akisoma msahafu siku hizi anafuata kwa kidole kila neno, kama mtoto, kwa kuogopa kuruka.

Sina la kuongeza. Ikama yako ipo kwa Mazin, najua, na mie siwezi kukukatia nyingine. Sikuamrishi.

Bibi yako

---

Riyadh, 26 Februari 2025

Bibi,

Nakushika miguu yote miwili na goti pia. Nimekaa na barua yako mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nikueleze nilichokificha. Siku ile Priscah alirudi ofisini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Alikalia sanduku lake katikati ya chumba, akakataa kiti. Hakupiga kelele. Alimwambia Mzee Idi, "Mzee, mimi sina hasira na wewe. Mwaka juzi si ni wewe ulinitolea karatasi vizuri? Lakini Jumamosi msichana wangu anavalishwa shela, na mimi niko hapa nimekalia sanduku." Mzee alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Bosi aliposema macho yamechoka, Mzee akajibu, "Labda na kichwa pia." Mimi nilikuwa kwenye meza yangu, na nilijua. Nilijua tangu alipofungua faili la Priscah akamkuta Maryann. Victor alihangaikia tiketi nyingine, lakini Priscah alipofika kwao harusi ilikuwa imekwisha.

Sikuanza kwa bosi. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee Idi baada ya sala ya alasiri. Alinikaribisha kama kawaida, akaulizia goti lako, akaagiza chai. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi nikaisahau nyumbani. Nikamwambia hivyohivyo yalivyokuja: kwamba mashine si ileile, kwamba niliivisha nguo za mwenzake, kwamba mahali mkono wake ulipozoea kubonyeza ili kuacha bila kuhifadhi, sasa panahifadhi. Kila alipofunga faili la mtu kwa kuamini ameliacha salama, alikuwa akimfuta mwenye faili na kumweka mgeni.

Nilisubiri matusi, na ningeyapokea. Badala yake akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo si akili yangu?"

"Si akili yako, Mzee."

Akageuza uso kwenye dirisha. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, nikasema niliogopa atashindwa. Akasema, "Mimi nilijifunza taipureta, nikajifunza kompyuta ya kwanza iliyofika Sulimaniyah, nikaifundisha ofisi nzima. Hukuniuliza." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Asubuhi yake nikaingia kwa bosi Mazin. Sauti ilitoka nyembamba lakini ilitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba kumbe alimwaibisha mzee wa watu kwa kosa la kijana aliyempongeza. Hakusema "halas", na sijui kama ni kheri au ni shari. Alichukua simu akampigia Mzee Idi mbele yangu, akamuomba arudi, akamwita ammi, kama baba yake mdogo, jina ambalo sijawahi kumsikia akimwita. Kuhusu mimi alisema ataangalia baada ya sikukuu.

Mzee Idi alirudi Jumapili, akiendesha gari mwenyewe. Alivuta kiti chake, akakaa mbele ya mashine, akaniambia, "Ivue."

Basi nikasimama mbele yao, Bibi. Nikaondoa mandhari, nikaondoa majina ya uongo, nikaurudisha mwambaa juu unakotaka kukaa. Skrini ikabaki ngeni. Victor akasema, "Kumbe ndiye huyu? Mbona ana sura ya heshima?" Hala akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza, na alinyamaza akidhani ni agizo la bosi. Mzee hakucheka. Aliuliza jina lake. Nikamwambia Linux. Akalirudia polepole. Kisha akasema nianze na mahali ambapo haifanani na ile ya zamani, penye kufanana atapaona mwenyewe.

Nikaanza na kitufe cha kuhifadhi. Aliweka kidole juu ya skrini, kitu ambacho amekuwa akitukataza sote, akakiacha pale kama anapapasa ukuta. Halafu akafunga, akafungua, akafunga tena, kila mara akisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza. Nilipotazama juu nikaona wananisikiliza wote, na nikaona macho yao, si midomo tu.

Ramadhani iko mlangoni. Mafaili tunayaandika upya, Mzee anakumbuka mengi kwa kichwa. Sijui nitakuwa wapi mwezi wa Shawwal.

Diski mpya nimeiweka ndani ya bahasha hii. Amal aiweke, inajieleza. Haina nguo.

Murad

---

Jidda, 12 Machi 2025

Murad

nimeandika mwenyewe kwenye mashine na Amal amechapisha kazini kwake. Sijui kuweka nukta pahala pake lakini herufi kubwa nimeijua.

Saumu tunaendelea. Mke wa Idi amepiga simu Ijumaa na hakulia, alinisimulia kutoka mwanzo mpaka mwisho na mie nikajifanya sijui. Idi ameanza kumfundisha mwanawe, ati nae aijue.

Mashine mpya ngumu kidogo. Picha zimekaa kwengine nimezitafuta siku mbili. Lakini jina la mlangoni ndilo jina la ndani na sasa naingia bila ya kubisha hodi. Kile kitambaa cha maua nimekirudisha mezani.

Mazin akikukatalia ikama, kitanda chako kipo. Akikukubali njoo vilevile, sikukuu ni sikukuu.

Sikumaliza habari ya mama. Jirani yetu mmoja mwanamke wa Hadharamaut alikuja akauvunja ule udongo kwa nyundo, akalitoa jiko, akaliweka juu ya meza mbele ya mama. Akamwambia hili si figa, hili ni jiko la mafuta, hapa unatia, hapa unapandisha utambi, hapa unashusha, maji kamwe. Mama akalitazama kutwa. Akalipikia mpaka alipokufa na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Lipo uvunguni mwa kitanda changu. Ukija nitakufundisha kuliwasha, na usiniambie ni kama la gesi.

Kijakazi